Niliambiwa nina mvurugiko wa homoni

Mbeya ikifika mwezi wa sita kila mtu amejikunja, kwahiyo mimi kuingia darasani na masweta mawili na kitenge juu hakuna aliyeona ajabu, hata mwenyewe sikuona. Nilikuwa najiambia ni baridi ya Uyole tu hii, uchovu nikasema ni umri maana arobaini na nne sio mchezo, unene nikasema ni viazi, na kulia lia bila sababu nikasema ni mama. Mama yetu tulimzika Tukuyu kama mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo na mimi ndio nilimuuguza mpaka siku ya mwisho. Yani kila dalili nilikuwa na jibu lake. Nywele zinabaki kwenye chanuo, choo kigumu, naingia stoo nasahau nimefuata nini, jioni nikirudi nakaa kwenye kochi na viatu mguuni mpaka saa mbili usiku, watoto wananiongelesha nasikia kama wako mbali. Kuna siku nilikaa hivyohivyo nikawaza kwamba hata nisipoamka kesho haitabadilisha kitu. Naandika hilo kwasababu najua kuna mtu anasoma hapa na yeye ameshawaza hivyo na hajamwambia mtu.

Sasa kwenye kikoba chetu kuna dada mmoja ananiheshimu sana na mimi namheshimu, ndio alikuja kukaa na mimi wakati wa msiba siku zote tatu. Yeye anauza virutubisho. Akaniangalia siku moja baada ya kikao akaniambia, "Dada'angu wewe una mvurugiko wa homoni, hiyo hali yako mimi naijua, na dawa ipo." Jamani mtu ukiwa umechoka mwaka mzima halafu mtu anakupa jina la ugonjwa wako na anakwambia dawa ipo, unaona kama umefunguliwa mlango. Nikatoa elfu themanini na tano palepale, nyingine nikamalizia wiki iliyofuata. Mzigo ukaja na basi kutoka Dar, nikaupokea stendi ndogo ya Kabwe kwenye kifuko cheusi: kopo moja la kidonge kinaitwa DHEA cha miligramu 50, na kopo lingine la melatonini ya miligramu 10 ya kulalia. Akanielekeza DHEA nimeze viwili kwa siku, "ni asili tu, mwili wenyewe unaitengeneza, haina madhara."

Hilo neno ndio lililonikamata, kwamba mwili wenyewe unaitengeneza. Na ni kweli. DHEA inatengenezwa na tezi za adrenali, vile vitezi vimekaa juu ya figo, inakuwa nyingi ukiwa kwenye miaka ya ishirini halafu inashuka taratibu kadri unavyozeeka. Kitu ambacho sikuambiwa ni kwamba ikiingia mwilini haikai ikiitwa DHEA, mwili unaigeuza kuwa testosteroni na estrojeni, zile homoni za kiume na za kike zenyewe kabisa. Kwahiyo nilichokuwa nameza kila asubuhi na chai kilikuwa kinaenda kugeuka homoni ya kiume ndani yangu na mimi nadhani nakula kitu kama asali.

Wiki mbili za kwanza nilijisikia vizuri, siwezi kudanganya. Niliamka, nikafua mapazia, nikamaliza kusahihisha madaftari ya fomu tuu yaliyokuwa yamerundikana. Nikamtumia yule dada voisi ya kumshukuru, nikamwambia ndaga fijo, yani asante sana kwa Kinyakyusa, umeniokoa. Wiki ya tatu chunusi zikatoka kwenye taya na mgongoni, kubwa zenye maumivu, mimi ambaye hata nikiwa msichana sikuwa na chunusi. Kidevuni nywele nyeusi ngumu. Kwaya naimba sauti ya kwanza, sauti ikaanza kukwaruza, mwalimu wa kwaya akaniuliza kama nina mafua kisha akaniweka sauti ya pili. Lakini hayo yote ni madogo, kubwa lilikuwa usingizi. Naenda kitandani saa tano, saa nane usiku niko macho na kichwa kinakimbia kama bajaji imekata breki mteremko wa Sae, mawazo juu ya mawazo, mipango, biashara, naongea peke yangu jikoni. Nikaongeza melatonini, nikawa nameza mbili. Asubuhi nafika shule na kichwa kizito kama nimelewa halafu ikifika saa sita naanza tena kukimbia.

Nikachukua ada ya mtoto wetu wa kwanza, yote, nikanunua magunia ya viazi kwa mtu wa Isongole nisiyemjua, sikumuuliza mume wangu, na nilikuwa na uhakika kabisa kwamba mwezi wa nane tutakuwa na duka. Mume wangu ni mtu mpole sana. Siku hiyo hakugomba, alikaa kitandani akaniambia "mama, wewe sio huyu." Nikamfokea kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na watoto walisikia.

Alinipeleka hospitali kesho yake. Dokta alikuwa kijana, naweza kuwa nilimfundisha, akauliza maswali mengi ambayo sikutegemea, kama nimewahi kuwa hivi nikiwa chuo, kama kwenye ukoo kuna mtu aliwahi kuugua akili. Nikakumbuka mjomba, yule tuliyekuwa tunaambiwa tu "alirogwa", alikuwa na vipindi vya kuongea usiku kucha na kugawa ng'ombe za watu. Halafu dokta akauliza, "Mama kuna dawa yoyote unatumia?" Nikajibu hapana. Sikuwa namdanganya! Kwenye akili yangu ile haikuwa dawa, ilikuwa kirutubisho. Mume wangu ndio akatoa kopo kwenye mfuko wa jaketi akaliweka mezani.

Yule kijana alisoma kopo muda mrefu kisha akanieleza bila kunigombeza. Kwamba zipo ripoti za kitaalamu za watu waliomeza DHEA wakaingia kwenye mania, ile hali ya akili kupanda juu kupita kiasi, hulali, hutulii, unatumia hela, unajiona unaweza kila kitu. Kwamba mtu mwenye historia kama ya mjomba wangu kwenye ukoo ndio anatakiwa kuwa mwangalifu zaidi. Kwamba mwanamke aliyewahi kuwa na saratani ya titi, au yoyote ile inayolishwa na estrojeni, haifai kabisa kumeza kitu kinachogeuka kuwa estrojeni. Na kuhusu sauti akasema chunusi zitaisha, ila sauti ya mwanamke ikishashushwa na homoni ya kiume sio kila mara inarudi, na nywele za kidevu zinaweza kubaki. Yangu imerudi karibu yote. Nywele nazing'oa mpaka leo.

Nikiwa nyumbani nimetulia nikaanza kusoma, mimi ni mwalimu siwezi kuacha kitu juu juu. Na nataka niwe mkweli kwa pande zote mbili, kwasababu DHEA sio kwamba ni uongo mtupu. Wapo watafiti Marekani, matokeo yao yalitoka mwaka 2005, walichukua watu 46 wa umri wa kati wenye sonona wakawapa DHEA miligramu 90 kwa siku wiki tatu, halafu 450 kwa siku wiki tatu nyingine, na kuna waliopata nafuu kweli kuliko walipopewa kidonge kisicho na dawa ndani. Ila angalia vizuri. Watu 46 tu. Wiki sita tu. Walipimwa kabla, wakafuatiliwa na madaktari wakati wote. Hakuna anayejua kutokana na utafiti huo nini kinampata mwanamke anayemeza mwaka mzima bila kupimwa. Huyu anayekuuzia anachukua ile nusu ya kwanza ya habari tu.

Na hili la kuitwa kirutubisho nalo lina historia yake. Marekani wenyewe waliwahi kuiondoa DHEA madukani miaka ya 80, halafu sheria ya mwaka 1994 ya virutubisho ikairudisha, kwahiyo kule inauzwa rafu moja na vitamini na mwenye kiwanda halazimiki kuthibitisha kwanza kwamba inafanya kazi au ni salama ndio auze. Ukivuka mpaka tu, Canada, kidonge kilekile ni dawa inayodhibitiwa kisheria. Na wanariadha duniani kote hawaruhusiwi kuigusa. Mimi nilipojua hilo la wanariadha nilikaa chini, maana tunampima mkimbiaji mkojo kwa kitu ambacho mimi nilikipokea Kabwe kwenye kifuko.

Kuna jambo lingine lilinigusa zaidi. Homoni na akili vina uhusiano wa kweli na sayansi imeshatoa dawa humo. Mwaka 2019 Marekani walipitisha dawa ya sonona ya wanawake waliojifungua, inaitwa breksanoloni, imetengenezwa kwa mfano wa kitu ambacho mwili unakipata kutoka kwenye homoni ya projesteroni, ile inayojaa ukiwa mjamzito na inayoporomoka ghafla ukijifungua. Sasa hiyo dawa ilivyokuwa inatolewa: mama analazwa, anawekewa dripu masaa 60, anafuatiliwa oksijeni muda wote kwasababu anaweza kusinzia ghafla mpaka kupoteza fahamu, na akiwa na mtoto wake lazima awepo mtu mwingine. Mwaka 2023 ndio ikaja ya kidonge, siku 14, nayo wanakukataza kuendesha gari masaa 12 baada ya kumeza. Hivyo ndivyo watu wanaojua nguvu ya homoni kwenye ubongo wanavyozishika. Kwa tahadhari ile. Halafu huku kwetu mtu anaposti kwenye status "mabinti wenye msongo, mawazo, kukosa usingizi, homoni zimevurugika, njoo inbox."

Sasa majibu yangu. Dokta alichukua damu akapima vitu kadhaa, na TSH ikatoka juu sana. TSH ni homoni ambayo ubongo unaitoa kuisukuma tezi ya thairoidi hapa shingoni, ikiwa juu maana yake ubongo unapiga kelele na tezi haiitiki. Kumbe ile baridi, ule unene, choo, nywele, kusahau, uchovu na sehemu ya ile huzuni, ilikuwa tezi imechoka. Yani yule dada alisema homoni na kweli ilikuwa homoni, ila sio ile aliyoniuzia. Na bei ya kipimo haikufika nusu ya bei ya kopo.

Hapa nililia tena, safari hii najua sababu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na rovu kubwa shingoni, watu wa milimani huku wanajua, Rungwe, Makete, Ludewa, Njombe huko juu wazee wengi walikuwa nalo kwasababu udongo wetu una madini joto kidogo. Mimi nakumbuka niko shule ya msingi tunapangwa mstari tunapewa vile vidonge vya mafuta vya madini joto, miaka ile kabla chumvi yenye madini joto haijasambaa vijijini. Tumekua tukijua habari za tezi kuliko watu wa mikoa mingine karibu yote na bado hakuna aliyeniambia kwamba tezi ikichoka unakuwa na huzuni, tunaangalia shingo tu, shingo ikiwa nyembamba tunasema uko mzima.

Usije ukasoma hapa ukakimbilia kununua kirutubisho cha thairoidi, naomba sana. Vipo, vinauzwa, "vya kusaidia tezi". Kuna watafiti walipima bidhaa kumi za namna hiyo Marekani, majibu yakatoka 2013, tisa kati ya kumi zilikuwa na homoni halisi ya thairoidi ndani, T3, na tano zilikuwa na T4 pia, homoni nyingine ya tezi hiyohiyo, lebo haisemi. Homoni ya thairoidi ikizidi moyo unaanza kwenda mbio na kupiga vibaya, mifupa inakonda, na akili inakuwa na wasiwasi usioisha, mtu anaweza kuona amezidiwa na mawazo akaongeza kidonge kilekile kinachomuumiza. Hata zile poda za mwani zenye madini joto mengi kupita kiasi zinaweza kuvuruga tezi. Dawa niliyopewa mimi, levothairoksini, ni homoni ya thairoidi ya kutengenezwa, inapimwa kwa maikrogramu, na maikrogramu moja ni sehemu ya elfu ya miligramu, ndio ujue udogo wa kipimo chenyewe. Nameza asubuhi tumbo tupu na maji, nasubiri nusu saa mpaka saa nzima ndio chai, vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu navitenga masaa manne. Baada ya wiki sita nikarudi kupima wakaongeza kidogo, wiki sita tena nikapima. Hakuna haraka humo.

Na haikuniponya yote. Baridi iliondoka, mwili ukaamka, lakini mama alikuwa bado hayupo. Huzuni ile nyingine ilibaki na dokta alikuwa ameshaniambia itaweza kubaki, kwahiyo nilipelekwa kwa dada mshauri nikaenda kila Jumanne karibu miezi minne, na mania yenyewe ilinichukua wiki kadhaa kushuka baada ya kuacha lile kopo, nikifuatiliwa na kupewa dawa ya kunituliza. Viazi vilioza vingi. Ada tulikopa kikobani.

Kuhusu melatonini niseme kidogo maana nyumba nyingi naiona sasa hivi, hadi watoto wanapewa zile za kutafuna kama pipi. Ni homoni nayo, inatoka kwenye kitezi kidogo ndani ya ubongo giza likiingia. Chini ya miligramu moja inatosha kufikisha damu yako pale inapofika yenyewe usiku, mimi nilikuwa nameza 20. Na lebo usiiamini: Canada walipima bidhaa 31, matokeo ya 2017, kuna iliyokuwa pungufu kwa asilimia 83 ya kilichoandikwa na kuna iliyozidi kwa asilimia 478, na nane zilikuwa na serotonini ndani, kitu ambacho ukichanganya na dawa za sonona kinaweza kukuletea balaa. Marekani mwaka 2023 wakapima zile za kutafuna 25, zilizoandikwa sawasawa ni tatu tu. Uingereza huwezi kuinunua dukani hivihivi, mpaka daktari akuandikie. Kwa muda mfupi, dozi ndogo, mtu mzima asiye na dawa nyingine, wengi haiwadhuru. Lakini mtu anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda au ya kifafa asiiguse bila kuuliza.

Kuna jirani yetu binti wa chuo alikuja kwangu baada ya kusikia habari zangu. Yeye alikuwa anatumia "vidonge vya kunenepa" vya kuchanganyiwa kwenye kikaratasi, hana jina la dawa hata moja, uso umevimba mviringo, analia kila siku. Dokta akashuku kuna deksamethasoni humo. Hiyo nayo ni ya familia ya homoni, inaigiza kotisoli, ile ya tezi zilezile za juu ya figo. Inampa mtu njaa na furaha ya mwanzo, halafu huzuni, hasira, kukosa usingizi, na tezi zenyewe zinalala kwasababu zinaona kazi inafanywa na mwingine. Ukiacha ghafla mwili hauna kotisoli yake, unaweza kuzimia na hata kufa. Kwahiyo kama unatumia hizo na umeshtuka kwa kusoma hapa, usizitupe chooni leo, nenda nazo hospitali ushushwe taratibu.

Na dada zangu wa umri wangu, zile homoni za ukomo wa hedhi ni habari nyingine na wala sio za kuogopa kijumla. Mwaka 2002 utafiti mkubwa Marekani wa wanawake zaidi ya 16,000 ulisimamishwa kwasababu waliokuwa wanameza estrojeni na projestini (inayoigiza projesteroni) pamoja walionekana kupata zaidi saratani ya titi, kiharusi na damu kuganda, dunia nzima ikaogopa. Baadaye wakachambua tena wakaona umri unaoanzia na aina ya homoni vinabadilisha hesabu sana, na wapo wanaosaidiwa kweli, joto la usiku likitulia na usingizi ukarudi hata nafsi inapumzika. Daktari anapima shinikizo la damu, anauliza titi, anauliza ukoo, ndio anaandika. Tofauti iko hapo tu.

Yule dada wa kikoba nilikaa miezi bila kuongea naye, sio kwa chuki, nilikuwa sijui nianzie wapi. Mwezi uliopita nikaenda kwake Isyesye na kopo langu lililobaki nusu. Nikamwonyesha majibu yangu ya maabara, nikamweleza habari ya mjomba, ya viazi, ya kidevu. Alinyamaza muda mrefu. Akasema na yeye aliambiwa hivyohivyo kwenye semina kwamba ni asili haina madhara, hakuna aliyemwambia kuuliza kama mtu ana ugonjwa kwenye ukoo. Halafu akashusha sauti akaniambia anameza yeye mwenyewe mwaka wa pili huu, na hedhi imevurugika, na usiku halali, na alikuwa anaona aibu kumwambia mtu kwasababu yeye ndio anauza.

Alhamisi tunaenda wote kupima, nimeomba ruhusa shuleni. Nimemwambia abebe makopo yote kwenye mfuko, hata yale anayoona sio dawa, na vile vidonge vyake vya nywele vyenye biotini aache kuanzia Jumatatu, maana biotini nyingi kwenye damu inadanganya kipimo cha thairoidi, inaweza kuonyesha tezi inafanya kazi kupita kiasi kumbe sivyo. Amesema anaogopa sindano. Nitamshika mkono.